Shahada ya Uongozi wa Michezo: Uliza Shule Inampikia Nani

Mpwa wangu alikuja nyumbani Jumapili moja na kompyuta yake kwapani, akaifungua mezani kabla hata chai haijamiminwa. "Shikamoo mjomba. Nimeipata." Alichokipata ni shule ya biashara ya chuo kikuu kimoja cha nje, inayotoa shahada ya uongozi wa michezo. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na uwanja uliopigwa picha usiku, taa zote zimewaka. Wa pili ulikuwa na vijana wenye suti wakicheka pembeni ya kombe. Nikateremsha kutafuta orodha ya masomo. Nikateremsha tena. Ilibidi tufungue kurasa nne ndipo tuione, na wakati huo mpwa wangu alikuwa ameshamaliza mihogo yote.

Aliniuliza kitu kimoja tu: "Ni shule nzuri hii?"

Sikumjibu siku ile. Tumezoea kuzipanga shule kama msimamo wa ligi, ya kwanza mpaka ya mkiani, na swali lake lilitoka huko. Lakini shahada hii ilizaliwa kwa kuagizwa, kama mtu anavyomwagiza seremala kitanda. Kuna aliyekuwa na chumba chake na akatoa vipimo vyake. Kitanda kinaweza kuwa cha mninga safi kabisa, na bado ukifika nacho kwako kikagoma mlangoni.

Aliyetoa vipimo vya kwanza anajulikana. Mwaka 1957 Walter O'Malley, mmiliki wa timu ya besiboli ya Dodgers, alimwandikia barua James Mason, mwalimu wa elimu ya viungo chuo kikuu. Mwaka huohuo O'Malley alikuwa akijiandaa kuihamisha timu kutoka Brooklyn kwenda Los Angeles. Alitaka kujua mtu angeenda wapi kumpata msimamizi aliyesomea kuendesha uwanja, ukumbi wa maonyesho au viwanja vya mbio za farasi. Hapakuwa na pa kwenda. Mason alitembea na swali hilo hadi 1966, Chuo Kikuu cha Ohio kilipoanzisha shahada ya uzamili ya utawala wa michezo, ya kwanza ya aina yake. Massachusetts, pale Amherst, wakafuata mwaka 1971.

Tazama waliofuata baadaye, utaona kila mmoja ana jirani anayempikia. Oregon walifungua kituo kiitwacho Warsaw mwaka 1993 ndani ya shule yao ya biashara, Lundquist, na kazi yake ni masoko ya michezo. Haishangazi. Nike ilianzishwa na Phil Knight, aliyesoma hapohapo, pamoja na Bill Bowerman, kocha wake wa riadha hapohapo, na makao yake makuu yapo Beaverton, jimbo hilohilo. Amherst nao idara yao inabeba jina la Mark McCormack, mwanasheria aliyeanza na mteja mmoja wa gofu, Arnold Palmer, akaishia kujenga IMG, kampuni ya kusimamia wanamichezo duniani kote. Liverpool walianza MBA ya mpira wa miguu mwaka 1997, miaka mitano tu baada ya Ligi Kuu ya Uingereza kuzaliwa upya na fedha za televisheni. Na ile ya uzamili inayoitwa FIFA Master, iliyoanza mwaka 2000, inamzungusha mwanafunzi Leicester kusoma historia ya michezo, Milan kusoma biashara na Neuchâtel kusoma sheria. Neuchâtel ni Uswisi. FIFA ipo Zürich, UEFA ipo Nyon, Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ipo Lausanne. Anayetaka kuajiriwa na shirikisho anasoma karibu na mashirikisho, na mahakama ya usuluhishi ya michezo ipo hapohapo Lausanne.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama shule ni nzuri, nilimwambia mpwa wangu Jumapili iliyofuata, uliza inampikia nani. Kisha ujiulize kama wewe utakula kwenye meza hiyo.

Meza yetu ikoje? Hapa ndipo sipendi haraka, kwa sababu hata sisi wenyewe tunaoandika habari za mpira huwa tunaijadili kana kwamba ni Simba na Yanga peke yao. Chukua klabu zilizopita Ligi Kuu Tanzania Bara miaka ya karibuni. Tanzania Prisons ni ya Jeshi la Magereza. JKT Tanzania jina linajieleza. KMC imetokana na Manispaa ya Kinondoni, Dodoma Jiji ni ya halmashauri ya jiji. Azam ni mtoto wa kampuni za Bakhresa. Vuka mpaka uende Kenya: Ulinzi Stars ni ya jeshi, Bandari ya Mombasa ni ya mamlaka ya bandari, KCB ni ya benki, na Polisi wana yao. Uganda kuna KCCA ya mamlaka ya jiji la Kampala, URA ya mamlaka ya mapato, UPDF ya jeshi. Mtu akikwambia anakwenda kuongoza klabu Afrika Mashariki, uwezekano mkubwa ni kwamba anakwenda kufanya kazi ndani ya taasisi ambayo biashara yake kuu ni kitu kingine.

Meneja wa klabu ya halmashauri hanunui jezi kama meneja wa Arsenal. Fedha ni za umma. Bajeti inapita kwa madiwani, na diwani ana haki ya kuuliza kwa nini mshambuliaji amelipwa kuliko mganga wa zahanati ya kata yake. Kuna sheria ya manunuzi ya umma, kuna zabuni, kuna mkaguzi. Dirisha la usajili linafungwa tarehe fulani usiku wa manane na halijui kwamba kikao cha kamati ya fedha kimeahirishwa. Sijaona mtaala wa shule kubwa za nje unaomfundisha mtu kupita katikati ya mambo hayo mawili. Siwalaumu. Hawakuagizwa.

Upande wa pili wa meza ni klabu za wanachama. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 zilizaliwa kama vyama vya watu, zikakua na matawi, wazee, mikutano mikuu na makundi. Mwaka 2017 Mohammed Dewji alishinda zabuni ya kuwekeza Simba kwa shilingi bilioni 20, na serikali ikaelekeza wanachama wabaki na asilimia 51, mwekezaji 49. Yanga nayo ikaja na mfumo wake wa namna hiyo. Tangu hapo kila mkutano mkuu una mtu anayesimama kuuliza hizo asilimia 51 ziko wapi, nani anazishika, zinaleta nini. Ni maswali ya sheria ya makampuni na ya uhasibu, ingawa huulizwa kwa sauti ya jukwaani.

Sasa linganisha na kile ambacho shule nyingi za Marekani zinafundisha, kwa sababu ndiko vijana wengi wanakotazama kwanza. Ligi zao kubwa zimefungwa: hakuna kushuka daraja, timu ni mali inayonunuliwa na kuhamishwa mji, wachezaji wapya hugawanywa kwa zamu, na ligi kadhaa zina kikomo cha jumla ya mishahara. Juu ya hapo kuna michezo ya vyuo vikuu, soko la ajira kubwa sana kwa wahitimu wao. Mwezi Juni 2025 mahakama ilipitisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, hadi kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Ni jambo zito, na profesa yeyote makini wa huko atalitumia darasani. Mwanafunzi kutoka Mbeya atalisoma, atalifanyia mtihani, pengine atapata A. Halafu atarudi kwenye nchi ambayo chuo kikuu hakiuzi tiketi ya mchezo wowote.

Hispania na Ujerumani zipo karibu nasi zaidi kwa hili, jambo ambalo watu hawalitarajii. Sheria ya michezo ya Hispania ya mwaka 1990 iliziagiza klabu za kulipwa ziwe kampuni za hisa, ikaziacha nne tu zibaki za wanachama: Real Madrid, Barcelona, Athletic Bilbao na Osasuna. Ujerumani wana kanuni yao ya tangu 1998, wanachama wabaki na nusu ya kura na kura moja juu. Huko mwanafunzi anakaa darasani na ugomvi wa mwanachama na mwekezaji kama somo la kawaida. Yanga ilipotaka kubadili mfumo wake mwaka 2020, ilikwenda kuomba ushauri La Liga. Waliofanya uamuzi huo walijua kitanda chao kina vipimo gani. Ningekuwa mpwa wangu ningejifunza Kihispania kabla ya kujaza fomu ya Florida.

Kuna wanaosema shahada iwe ndani ya shule ya biashara, la sivyo haina maana. Nakubali nusu. Pale inapokaa kwenye kitivo cha elimu ya viungo, hatari ni kwamba nusu ya masomo yatakuwa ya misuli, mafunzo na saikolojia ya mchezaji, na uhasibu utafundishwa kwa wiki tano na mtu asiyeupenda. Lakini Chuo Kikuu cha Michigan kinafundisha uongozi wa michezo katika shule yake ya sayansi ya mwendo wa mwili, wakati shule yake ya biashara, Ross, ni miongoni mwa zinazosifika Marekani, na hakuna anayewacheka wahitimu hao. Kwa upande mwingine zipo shule za biashara zilizochukua kozi za kawaida, zikabandika neno michezo mbele ya kila moja, masoko ya michezo, fedha za michezo, maadili ya michezo, na zote zinafundishwa na watu walewale kwa vitabu vyenye picha za wachezaji. Kibao cha mlangoni hakikwambii kitu. Omba orodha ya masomo na ya saa zake, kisha uone kama mwanafunzi wa michezo anakaa na wanafunzi wa uhasibu kwenye darasa moja, mtihani mmoja. Wakiwa na darasa lao la uhasibu mwepesi, umeshajua.

Kuhusu ithibati nitapita haraka. AACSB ya Marekani, iliyoanza 1916, EQUIS ya Ulaya na AMBA ya London hukagua shule ya biashara, na ni vizuri ziwepo. Ila mwombaji ajue kwamba shahada fulani ndani ya shule yenye AACSB inaweza kuachwa nje ya ukaguzi ikiwa masomo yake ya biashara ni machache. COSMA ndiyo inayokagua programu za michezo zenyewe, ipo tangu 2008, na shule nyingi zenye jina hazijajisumbua kuiomba. Anayerudi kufanya kazi serikalini Tanzania aangalie zaidi TCU, tume ya vyuo vikuu, maana ndiyo itakayoitambua shahada yake ya nje, na hilo ni vyema likaulizwa kabla ya kulipa badala ya miaka minne baadaye.

Turudi kwenye masomo, maana ndiko kwenye nyama. Nina kipimo changu kwa shule yoyote inayosema inafundisha biashara ya mpira. Januari 2020 Mbwana Samatta alitoka Genk ya Ubelgiji kwenda Aston Villa. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akihama kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada igawanywe kwa klabu zilizomlea kuanzia umri wa miaka 12 hadi 23. Kila mwaka wa malezi kuanzia miaka 16 una thamani ya nusu asilimia ya ada yote. Maana yake, kwa kila dola milioni 1, mwaka mmoja ni dola 5,000. Samatta alipita African Lyon, akaja Simba, akaenda TP Mazembe, zote akiwa ndani ya umri huo. Mpe mwanafunzi wa mwaka wa pili kesi hii. Nani adai, adai kiasi gani, kwa nyaraka zipi, kwa nani, kabla ya muda gani kwisha?

Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri ataanza kwa kuuliza kumbukumbu za usajili: tarehe kamili aliyoingia, tarehe aliyotoka, fomu iliyosainiwa. Tangu mwishoni mwa 2022 FIFA ina taasisi yake Paris inayopokea na kugawa fedha hizo kwa kutumia rekodi za kielektroniki za mchezaji, kwa hiyo klabu isiyo na rekodi haionekani. Hapo kuna uhasibu, kuna sheria ya mikataba, kuna utunzaji wa data. Hakuna hata chembe ya ile picha ya vijana wenye suti na kombe. Klabu zetu kadhaa zimewahi kufungiwa kusajili kwa sababu ya madeni ya wachezaji na makocha wa kigeni, na karibu kila mara ukifuatilia utakuta barua ilikuja, ikawekwa kwenye droo, muda wa kujibu ukapita. Mtu mmoja aliyesoma kanuni hizi vizuri angeweza kulipa ada yake yote ya chuo kwa barua moja aliyoijibu kwa wakati.

Somo jingine nisiloliona la kutosha ni la kumtegemea mdhamini mmoja. Julai 2017 Everton walikuja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia, Uwanja wa Taifa ukajaa, Wayne Rooney akafunga kwa shuti la mbali, na jina la SportPesa likawa kifuani kwa timu zote mbili. Miaka miwili baadaye, 2019, kampuni hiyo iligombana na serikali ya Kenya juu ya leseni na kodi, ikafuta udhamini wake wote wa michezo nchini humo. Gor Mahia na AFC Leopards, klabu zenye mashabiki wengi kuliko zote Kenya, ziliachwa zikichangisha nauli. Ukisoma masoko ya michezo Oregon utajifunza namna ya kuuza jina la bidhaa kwa watu wenye fedha mfukoni. Hilo lina faida yake. Lakini hapa fedha kubwa ya mpira inatoka sehemu mbili, kampuni za kubeti na televisheni. Mkataba wa Azam Media na TFF uliotangazwa 2021 ni wa miaka 10 kwa shilingi bilioni 225.6. Kijana anayetaka kuwa na manufaa ajue mkataba wa namna ile unasomwaje, unagawanywaje kwa klabu, na klabu inaweza vipi kukopea benki kwa kutumia mgao ambao bado haujaingia.

Na kuna viwanja. Kenya, Uganda na Tanzania zinaandaa AFCON 2027 pamoja, zege linamwagwa Arusha na Nairobi, wanasiasa wanakata utepe. Mashindano yatachukua wiki chache. Baada ya hapo kila uwanja utahitaji mtu anayejua bei ya umeme wa taa kwa saa moja, anayejua nyasi zinavumilia mechi ngapi kwa wiki, anayejua kukodisha ukumbi wa juu kwa harusi siku isiyo na mechi bila kugombana na wapambaji. Kigali wametangulia: ukumbi wao wa ndani wa michezo uliofunguliwa 2019 unabeba jina la benki, umechezewa fainali za mpira wa kikapu za bara zima, na siku nyingine una tamasha. O'Malley aliuliza nani amesomea kuendesha uwanja. Swali lake limetufikia, limechelewa miaka 70 tu, na ukiniuliza leo kazi gani ya michezo itakuwa na upungufu wa watu Afrika Mashariki miaka 5 ijayo, nitakwambia hiyo. Vijana wenyewe wanataka kuwa wasemaji wa klabu au mawakala. Kwa taarifa yao, uwakala hauhitaji shahada hata moja. FIFA ilirudisha mtihani wake wa leseni mwaka 2023. Unajisajili, unasoma kanuni, unakaa kwenye mtihani.

Tuje kwenye fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ambako ahadi nyingi za brosha huvunjika. Kwenye biashara hii kazi ya kwanza hupatikana kwa kujulikana, na unajulikana kwa kubeba viti, kukata tiketi na kujibu simu kwenye ofisi ya mtu. Shule itakwambia wanafunzi wake wanakwenda kwenye klabu fulani na fulani. Uliza ni wangapi kati yao walikuwa wageni wenye viza ya mwanafunzi. Marekani kwa kawaida inamruhusu mhitimu mgeni kufanya kazi miezi 12 kwenye fani yake. Wa sayansi na teknolojia wanaongezewa 24, na uongozi wa michezo mara nyingi hauhesabiwi humo. Uingereza ilitoa miaka miwili kuanzia 2021, lakini watakaoomba kuanzia Januari 2027 watapewa miezi 18. Timu ya Marekani yenye msimu wa miezi 7 haitahangaika na karatasi za mtu atakayeondoka mwakani wakati wenyeji mia wamepanga foleni mlangoni, tena wengine wako tayari kufanya kazi bure.

Kwa watoto wetu waliokulia Minnesota au Texas, wenye pasipoti za huko, hesabu inageuka kabisa. Ada ya mkazi wa jimbo ni ndogo, soko la michezo ya vyuo lipo nje ya dirisha, na hiyo miezi 12 haiwahusu. Dada yangu mmoja aliye huko alikasirika niliposema shahada hii haifai. Nilikuwa nazungumza na mpwa wa Tabata, naye akasikia ninazungumza na wanawe. Kwao inafaa sana. Waende tu, mradi wakae kwenye darasa la uhasibu wa kweli.

Kwa wa Tabata, bei pekee inaweza kumaliza mjadala. Chuo cha umma Marekani kwa mwanafunzi wa nje, ukijumlisha chumba na chakula, mara nyingi ni kama dola elfu 40 kwa mwaka na vingi vimepita hapo. Zidisha kwa miaka minne. Familia itauza kiwanja cha Kibaha, na anayeuza kiwanja ili mtoto akajifunze namna chuo cha Alabama kinavyogawa fedha kwa wachezaji wake ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ningefanya hivi. Shahada ya kwanza asome hapa, uhasibu au fedha, iwe shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iwe Mzumbe, iwe Strathmore kama Nairobi inawezekana. Aanze mitihani ya bodi ya wahasibu. Miaka hiyohiyo ajitolee kwenye klabu yoyote, hata ya daraja la pili, hasa ya daraja la pili, kwa sababu huko mtu mmoja anafanya kazi za watu sita. Ndipo baada ya miaka miwili mitatu kazini aombe uzamili wa mwaka mmoja kwenye shule inayopika chakula anachokihitaji: Uswisi kama ni mashirikisho, Hispania kama ni klabu za wanachama, Liverpool kama ni biashara ya ligi. Wanaochagua kwenye programu ndogo kama FIFA Master, yenye wanafunzi kama 30 kwa mwaka kutoka dunia nzima, wanataka mtu mwenye kitu cha kusimulia. Mhasibu aliyewahi kuandaa malipo ya kambi ya timu ya manispaa ana cha kusimulia. Kwa waliokwisha kuwa viongozi wa vyama upo pia uzamili wa MEMOS, ulioanza 1995 kwa msaada wa Mshikamano wa Olimpiki, na mlango wake ni kamati ya Olimpiki ya nchi.

Njia hii ina kasoro na sitaificha. Inachosha. Rafiki zake wataweka picha za viwanja vya Ulaya wakati yeye anapanga stakabadhi za petroli ya basi la timu. Na inawezekana akanogewa na uhasibu akaishia benki, jambo ambalo mama yake analiombea kimyakimya.

Tulikubaliana aandike barua pepe kwa shule tatu alizozipenda, kila moja apeleke maswali matatu. Wanafunzi wenu wa michezo wanasoma uhasibu na nani? Wahitimu wenu wa kigeni wa miaka mitatu iliyopita walipata wapi kazi ya kwanza? Na ile kesi ya Samatta.

Moja haijajibu. Moja ilijibu ndani ya saa mbili, kwa maneno ya kumshukuru kwa shauku yake, ikaambatanisha video ya ule uwanja wa usiku. Ya tatu ilikaa siku nane, kisha akaandika mwalimu mwenyewe. Alituma orodha ya masomo, akakiri kwamba wageni waliobaki kufanya kazi huko ni wachache, na kuhusu Samatta akarudisha swali: klabu za mtaani kwenu, zile zinazolea watoto wa miaka 12 na 13, nani anazitunzia fomu za usajili, na zipo kwenye karatasi au kwenye kompyuta?

Mpwa wangu hakujua. Mimi pia, baada ya miaka yote hii ya kuandika, sikujua. Jana jioni alipita kuazima baiskeli, ana daftari la kurasa mia mbili na orodha ya klabu kumi na moja za Tabata, Segerea na Kimanga, anaanza na ile inayofanyia mazoezi nyuma ya shule ya msingi.